Mume wa Wake Kumi na Mmoja

Jovitha Mlay alikuwa na ulimi ambao mama yake alisema ungestahili kukatiwa leseni. Alizaliwa Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la baba yake, Mzee Polycarp, muuza nati, bolti na mabomba. Akasoma, akawa daktari, akahudumia wodini miaka minne, kisha akaacha kutibu watu akaanza kuwahesabu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, tena mbele ya wageni, na kila aliposema hivyo wenzake wa ofisini waliinama wakatafuta kitu kwenye simu zao.

Mlangoni kwake paliandikwa Mtafiti Mwandamizi, Afya ya Wahamiaji na Usawa wa Huduma. Mlango wenyewe ulikuwa ghorofa ya tatu, Mchafukoge, juu ya duka la mapazia, na ukitaka kuufungua ilibidi uuinue kidogo kwa goti. Kila asubuhi Jovitha aliuinua kwa goti, akachukua madodoso yake, akashuka ngazi, akatembea kuelekea sokoni. Gari la utafiti lilikuwapo, jeupe, lina nembo ubavuni, lakini lilimtumikia Profesa Abdulswamad, mkurugenzi wa taasisi, ambaye hata Mtaa wa Msimbazi aliupita amepandisha vioo.

Profesa hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, maana mtu mbaya ukimpinga anajua amepingwa. Yeye ukimpinga alikushukuru kwa mchango wako. Alilipenda neno usawa, akalitamka polepole kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake, na alilipenda neno wahamiaji, ambalo ndilo lililomchefua Jovitha kuliko yote. Siku moja kikaoni Jovitha alimwambia, "Profesa, baba yangu alishuka hapa kutoka Rombo na gunia moja. Siku alipopata fremu ya duka akaacha kuwa mhamiaji, akawa mfanyabiashara. Kwa hiyo huu ni utafiti wa watu wasio na fremu?" Profesa akamshukuru kwa mchango wake, na kikao kikaendelea na ajenda ya chai.

Na kweli ulikuwa utafiti wa watu wasio na fremu. Wasukuma mikokoteni kutoka Kilwa na Kondoa, wabeba mizigo, wapanga nyanya, na wanawake wamenya vitunguu saumu. Hawa wa mwisho Jovitha aliwapenda, kwa namna yake, yaani aliwachamba kwa maneno na wao wakamchamba. Walikaa uchochoroni nyuma ya maghala, juu ya maturubai, vidole vimechubuka kwa ukali wa saumu, wakimenya za mahoteli na za wauza viungo. Wengi walitoka bara. Wengine walitoka ng'ambo ya mpaka, na hao ukiwauliza kwao ni wapi walisema Kigoma. Wote Kigoma, hata yule aliyevuka kutoka Msumbiji, ambaye Kigoma hakuijua hata kwa picha. Jovitha aliandika Kigoma. Aliandika mengi aliyojua si kweli, akajipa moyo kwamba uongo ukipangwa vizuri kwenye jedwali nao ni takwimu.

Mmoja wa watu hao wa Kigoma alikuwa Agnesi, mwanamke wa miaka ishirini na minne, mpole, mwenye mimba ya miezi saba. Aliyempa mimba alikwenda Tunduma kutafuta mzigo, na inaelekea aliupata, maana hakurudi. Jumanne moja Jovitha alimkuta Agnesi amenyoosha miguu juu ya turubai, imevimba hadi kandambili za plastiki hazikuingia. Akachuchumaa, akaibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo, dada daktari. Asubuhi asubuhi."

"Kliniki umeenda?"

"Bado. Naenda Jumatano ya wiki ijayo. Ndiyo zamu yangu."

"Zamu yako ya nini?"

Wanawake wakaangaliana. Mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa mkono wenye maganda. Ndipo Agnesi, ambaye kusema uongo kulimchosha, akasema, "Zamu yangu ya Mrisho."

Jovitha alikuwa ameliona jina hilo. Mwezi uliopita alipekua rejista ya zahanati iliyo nyuma ya soko, zahanati ambayo jina lake tuliache, na katika safu ya wenza alikuta Mrisho Zahoro mara kumi na moja, na kila mara jina la mke ni jingine. Alimwonyesha Sista Husna wa mapokezi. Sista Husna akajibu bila kuinua macho, "Majina yanafanana, Daktari. Hapa mjini."

Sasa inabidi ueleweshwe utaratibu wa zahanati ile, maana bila huo huwezi kuelewa ilikuwaje wanawake wenye akili zao wakagawana mume kwa zamu. Nani aliutunga hakuna aliyejua. Ulibandikwa ukutani kwa gundi, na gundi ndiyo iliyokuwa sahihi yake. Ulisema kwamba mama mjamzito, siku ya kwanza, aje na mwenza wake. Nia ilikuwa njema, kama nia za karatasi za ukutani zilivyo siku zote: mume naye apimwe, afundishwe, ashiriki. Asiye na mwenza alete barua ya serikali ya mtaa. Barua ya mtaa haitoki mpaka mjumbe akutambue, na mjumbe hakutambui kama hukai kwa mtu anayemtambua, na akina Agnesi walilala saba katika chumba kilichopangishwa kwa jina la mtu wa nane. Basi wakatafuta mume. Hawakutafuta kila mmoja wake. Walitafuta mmoja, akawatosha wote.

Jovitha alimkuta huyo mume siku hiyo hiyo kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, amekaa juu ya mkokoteni wake usio na mzigo, anakula wali maharage. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mkavu, shati limetoboka begani mahali kamba inapopita. Hakushtuka hata kidogo.

"Dokta, mimi sioi. Mimi nasindikiza," alisema Mrisho. "Mwanamke ana tumbo hili hapa, anarudishwa getini kisa hana mwanaume. Mwanaume si huyu hapa nimekaa tu, sina mzigo? Nanyanyuka, naenda, naitwa baba fulani, narudi. Wao wananiwekea sahani. Basi."

"Na damu wanakupima?"

"Kila safari. Vidole vyote kumi washavitoboa, sasa wameanza raundi ya pili. Bongo nzima hii hakuna mwanaume anayejua hali yake kama mimi." Akasukuma kijiko. "Na somo la lishe nalijua kwa kichwa. Juzi sista karuka dalili za hatari, nikamkumbusha. Miguu kuvimba, kichwa kuuma, macho kuona giza. Agnesi anazo mbili. Ndiyo maana nimempa Jumatano, nimempitisha mbele ya mwenzake."

"Kwa nini usimpeleke kesho?"

"Kesho naenda na mwingine. Wanaoanza kliniki ni Jumatano tu, na nikienda na wake wawili siku moja si watanishtukia?" Akamtazama Jovitha kwa mara ya kwanza sawasawa. "Ila usiniandike jina, Dokta. Ukiniandika, hawa wamekosa mume."

Jovitha akaahidi. Akaandika kila kitu isipokuwa jina.

Hapa isemwe wazi, maana yeye mwenyewe alijisemea baadaye kwa maneno makali zaidi. Mguu ule ulipobaki na shimo, na kichwa kinauma, na mimba ya miezi saba, daktari wa wodini angemwinua Agnesi pale pale juu ya maganda. Mtafiti aliandika. Alimwambia asikose Jumatano, apunguze chumvi, alalie ubavu wa kushoto, kisha akapanda ngazi za Mchafukoge na kuinua mlango kwa goti. Ijumaa kulikuwa na semina na Profesa alitaka slaidi.

Semina ilifanyika katika hoteli moja ya mjini, ukumbi wenye baridi ya bucha. Nyuma ya meza kuu lilitundikwa bango: Afya kwa Kila Aliyefika. Waliofika walikuwa wakurugenzi, waratibu, maafisa, wafadhili wawili na mpiga picha. Msukuma mkokoteni hakuwapo hata mmoja. Waliwakilishwa na picha ya mgongo wa mmoja wao, kubwa, ya rangi, jasho limetoka vizuri. Watu walijiandikisha mlangoni, wakachukua mikoba yenye kalamu, wakaanza kusubiri chai. Wapo waliosafiri kutoka mikoani kuja kusubiri chai ile.

Profesa Abdulswamad akaonyesha grafu. Katika zahanati inayohudumia wahamiaji wa sokoni, alisema, ushiriki wa wenza katika kliniki ya mama na mtoto umepanda mara tatu ndani ya miezi minne. Mstari ulipanda kweli, mwekundu, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. "Tunachokiona hapa, ndugu washiriki," alisema, "ni kwamba mwanaume wa Kariakoo amebadilika." Ukumbi ukapiga makofi. Mfadhili mmoja akaandika. Mratibu mmoja aliyekuwa amelala aliamka, akapiga makofi, akalala tena.

Jovitha alikaa safu ya tatu akiutazama ule mstari, na mwilini mwake kitu kikaanza kumwasha. Alijua mstari ule ni nani. Ulikuwa umekaa juu ya mkokoteni unakula wali maharage.

Akanyanyua mkono. Angeweza kusubiri, akamfuata Profesa ofisini, akamweleza polepole. Angeweza kwanza kuuliza ikiwa sheria yenyewe ya wenza inaweza kuondolewa, kisha ndipo afunue inavyokwepwa. Haya yote aliyafikiria baadaye. Wakati ule alitaka kitu kimoja tu, naye alikitaka kwa njaa: aone sura ya Profesa.

"Mwanaume wa Kariakoo hajabadilika, Profesa," alisema. "Mwanaume wa Kariakoo ni mmoja. Ni msukuma mkokoteni. Ana wake kumi na mmoja kwenye rejista yako, wote wajawazito, na Jumatano ijayo atapata mwingine. Grafu yako ni yeye. Akiugua malaria, ushiriki wa wenza utaporomoka."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Aliyelala aliamka moja kwa moja. Mfadhili alitafsiriwa, naye akacheka akiwa amechelewa. Jovitha akakaa, uso umemchangamka, akala sambusa mbili. Jina la Mrisho hakulitaja. Ahadi aliitimiza vile wanasheria wanavyotimiza.

Profesa alicheka pia. Alimshukuru kwa mchango wake.

Jumatatu asubuhi barua pepe ilimsubiri Jovitha, fupi, ya heshima: mchango wake umefanyiwa kazi. Hakuelewa. Alidhani wamefuta grafu. Hakujua kwamba siku hiyo hiyo, kwenye ukuta wa zahanati, juu ya karatasi ya zamani, ilibandikwa mpya, na hii ilikuwa na muhuri. Kwa kuzingatia matokeo ya utafiti, ilisema, kila mwenza sharti afike na kitambulisho cha taifa, na jina lake lisiwe limejitokeza kwenye rejista kwa mama mwingine. Atakayebainika kudanganya, yeye na aliyeambatana naye hawatahudumiwa.

Mdomo huponza kichwa, ndivyo wasemavyo. Wa Jovitha uliponza kichwa cha mtu mwingine, nacho kilikuwa tayari kinauma.

Jumatano, mnamo saa tano, mlango wa ofisi ulisukumwa ukagoma, ukasukumwa tena. Jovitha akainuka akaufungua. Alikuwa Mrisho, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, lile la kliniki. Kola ilikuwa imechanika upande mmoja.

"Hukuniandika, Dokta," alisema. "Nashukuru."

"Kuna nini?"

"Sista kaniuliza mimi ndiye yule wa wake kumi na mmoja? Mlinzi kanishika hapa." Akagusa kola. "Benchi zima linacheka. Wanajua mpaka kwamba nikiugua malaria kitu fulani kinaporomoka. Sasa mimi sikuja kwa ajili yangu. Agnesi yuko chini ya ngazi zenu. Nimemleta kwa mkokoteni. Anasema macho yanaona giza."

Jovitha alishuka ngazi zile bila kuzihesabu. Agnesi alikuwa amekaa juu ya maboksi yaliyokunjwa, uso umejaa hadi macho yamekuwa madogo, mikono miwili juu ya tumbo. Wateja wa mapazia walikuwa wakimzunguka ili wapite. Alipomwona Jovitha akajaribu kuamka kwa adabu.

Kurudi zahanati ni mwendo wa dakika kumi tu, na kwa Kariakoo saa tano dakika kumi ni nusu saa. Jovitha alitangulia akipiga kelele watu wapishe, Mrisho akisukuma. Njiani alimpigia Profesa. Katibu wake akapokea, akasema Profesa yuko uwanja wa ndege, anasafiri kwenda kuwasilisha matokeo.

Sista Husna alikuwa dirishani. Hakuwa mwanamke mkatili. Alikuwa amechoka tangu miaka sita iliyopita na hakuna aliyemfanyia utafiti.

"Sista, huyu apimwe presha sasa hivi," alisema Jovitha.

"Mwenza wake?"

"Hana. Mimi ni daktari, unanijua."

"Nakujua, Daktari. Huu si ndio utafiti wako?" Akanyoosha kalamu kuelekea ukutani. "Nikivunja leo, kesho unaniandika tena, na safari hii utanitaja jina. Mimi nina watoto shuleni."

"Basi niandikie rufaa, nimpeleke mwenyewe hospitali kubwa."

"Rufaa inaandikwa kwenye kadi. Kadi inatolewa akija na mwenza."

Jovitha aliufunga mdomo wake ule wa kukatiwa leseni, akageuka kutoka dirishani. Alijua hospitali kubwa. Alifanya kazi pale. Alijua mtu asiye na kadi wala rufaa anavyokalishwa benchi mpaka jioni, kwa kuwa yeye mwenyewe, miaka ile, aliwakalisha. Akamwambia Mrisho akae na Agnesi kivulini, akakimbia mitaa miwili mpaka dukani kwa baba yake. Alitaka gari lake tu. Alifikiri akifika na gari, na koti jeupe, na kelele, labda.

Mzee Polycarp alikuwa akichambua nati kwenye sinia. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, pamoja na habari ya semina na kicheko, maana Jovitha, pamoja na makosa yake yote, hakuwa akijipunguzia lawama.

"Na wanataka nini hasa, hao?"

"Mwanaume mwenye kitambulisho."

Mzee akanawa mikono kwa sabuni ya unga. Akalitoa koti lake la kanisani nyuma ya mlango, akalivaa, akajipapasa mfuko wa kifua kuhakikisha kitambulisho kimo.

"Baba, hapana. Watu watasema."

"Watasema. Mama yako nitamweleza mwenyewe, kanivumilia kwa makubwa kuliko haya." Akampita, akatoka nje kwenye jua. "Mchuma janga hula na wa kwao. Haya, twende tukale."

Kariakoo yote inamjua Mzee Polycarp. Ana miaka sitini na tisa, ni mzee wa jumuiya, anauzia bolti nusu ya mafundi wa mji. Aliingia zahanati ile amemshika Agnesi mkono, mdogo mdogo, akimwangalia asijikwae. Benchi zima la akina mama likageuka kumtazama. Unaweza kufikiri macho yale yalikuwa na mawazo gani.

"Shikamoo, mzee," alisema Sista Husna, akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta mama huyu. Mimi ndiye niliye naye."

"Karibuni, karibuni. Mletee mzee kiti," Sista Husna alimwambia mlinzi, yule yule wa kola ya Mrisho, naye akakileta mbio. Kadi ikatolewa kwenye droo. Kalamu ikaandika Polycarp Mlay bila kuuliza inavyoandikwa. Mzee alikuwa ameshika kitambulisho chake mkononi, amekinyoosha mbele, akisubiri kitazamwe. Hakuna aliyekitazama. Mwishowe akakirudisha mfukoni.

Jovitha alisimama ukutani, karibu na ile karatasi yenye muhuri, akaona yote. Kwamba mzee wa miaka sitini na tisa mwenye mke wa ndoa amempa mimba mmenya saumu, hilo watu walilimeza bila maji. Kwamba msukuma mkokoteni anaweza kuwa mume wa mtu, hilo lilihitaji kitambulisho cha taifa. Mwaka mzima alikuwa akiutafuta ukosefu wa usawa kwa dodoso la kurasa kumi na nne, na hapa alitazama koti la kanisani likimaliza kazi kwa sentensi moja. Alijisikia aibu, na aibu ile haikuwa ya Profesa wala ya Sista Husna.

Presha ilikuwa mia na sabini na tano kwa mia na kumi na tano. Mkojo ulikuwa na protini. Sista Husna aliposoma alibadilika, akawa muuguzi, akapiga simu kwa sauti ambayo Jovitha hakujua kwamba anayo. Gari la wagonjwa lilifika. Agnesi alipata degedege la kwanza akiwa tayari mezani hospitalini, mbele ya watu wanaojua la kufanya, na hilo ndilo lililomwokoa. Kama lingempata chini ya ngazi za Mchafukoge, kati ya mapazia, habari hii ingekuwa fupi. Walimpasua usiku huo. Mtoto wa kiume, kilo moja na robo.

Siku ya nne Jovitha alimkuta ameketi kitandani, mtoto kafungwa kifuani kwake kwa khanga, ngozi kwa ngozi, kichwa tu kinaonekana, kidogo kama ngumi. Jovitha alikuwa ametunga maneno ya kuomba radhi, mengi, mazuri. Alipofika aliyaacha yote.

"Ni mimi niliyesema, Agnesi. Pale semina. Nilitaka watu wacheke."

"Nimesikia," alisema Agnesi. Alimpanga mtoto vizuri. Hakuonekana mwenye hasira, na Jovitha angependa angekuwa nayo. "Dada daktari, nyinyi kila siku mnakuja kutuuliza sisi kwa nini hatuendi kliniki. Sisi tunaenda. Tunaenda mpaka na waume wa kuazima. Kawaulizeni wale wanaoturudisha."

Jumatatu iliyofuata Jovitha alikwenda zahanati, na hakukaa kwenye benchi la akina mama kama siku zote. Alipita kwa mlango wa wafanyakazi, akavuta kiti upande wa ndani wa dirisha, ambako hajawahi kukaa mtafiti yeyote, akafungua ukurasa mtupu.

"Sista Husna," alisema, "wiki iliyopita uliwarudisha akina mama wangapi, na ulipewa maelekezo na nani?"

Sista Husna aliweka kalamu chini. Akamtazama, si kwa uadui.

"Swali hilo una kibali nalo, Daktari?"

Jovitha akafungua mkoba. Kibali kilikuwamo, kimegongwa mihuri mitatu, kinamruhusu kuwahoji wasukuma mikokoteni, wabeba mizigo, wapanga nyanya na wamenya vitunguu. Wauguzi hakikuwataja, wala waratibu, wala maprofesa. Alikisoma mara mbili, kana kwamba mistari ingeongezeka. Watu mia mbili na zaidi alikuwa amekwisha kuwahoji sokoni, juu ya mimba zao, damu zao, na mahali wanapolala, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba akitoe.